Jani la Kolo

Kila mwaka ninapofika mada ya mionzi na kidato cha nne, huandika ubaoni namba ileile: 5,730. Hiyo ndiyo nusu-maisha ya kaboni-14 kwa miaka. Wanafunzi huinakili, tunafanya maswali matatu ya mifupa na mkaa, kisha tunaendelea. Vitabu vyetu ni vya Kiingereza, na mfupa wa kwenye mtihani huwa hauna kwao. Umechimbuliwa tu mahali fulani, una kiasi fulani cha kaboni-14, tafuta umri wake.

Mwaka juzi binti mmoja wa dawati la mbele, mwenyeji wa Kondoa, aliniuliza kwa Kiswahili na kwa sauti ya chini: "Mwalimu, na zile picha za Kolo walizipima hivyo?"

Nikajibu ndiyo. Nilijibu upesi, kama mwalimu anavyojibu kipindi kikiwa kimebakiza dakika tano. Jibu halikuwa sahihi, na katika darasa lile mimi ndiye niliyepaswa kujua kuliko wote, maana Kolo ni kwetu. Baba yangu alizaliwa chini ya vile vilima. Likizo ya Juni nilipokwenda kumsalimia, nilimwomba tupande pamoja hadi Mungomi. Nilikuwa na deni la jibu.

Kolo ni kijiji cha barabarani, takriban kilomita 180 kaskazini ya Dodoma, kwenye njia kuu ya Babati na Arusha. Malori hupita mchana na usiku. Wageni husimama kwenye ofisi ya mambo ya kale, huandika majina kitabuni, hupewa mwongozaji, kisha huingia njia ya vumbi kuelekea milimani. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Eneo lake ni kilomita za mraba 2,336, na miamba yenye michoro hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mungomi wa Kolo ndiyo inayojulikana zaidi: watu warefu wembamba wenye vichwa vya nywele nyingi, wanyama wa porini, mistari ya rangi nyekundu iliyofifia kama damu iliyokaukia kwenye kitambaa.

Jibu nililopaswa kumpa yule binti ni hili. Rangi nyekundu ya Kolo ni udongo wenye chuma kilichoshika kutu. Chuma hakina kaboni, na pasipo kaboni hakuna cha kuhesabu. Kilichopimwa Kondoa ni vitu vilivyolala ardhini chini ya miamba: mkaa wa mioto ya zamani na maganda ya mayai ya mbuni. Mwaka 1956 mwanaakiolojia Ray Inskeep alichimba katika mwamba wa Kisese II, si mbali na Kolo. Vitu alivyovitoa vilikaa makumbusho miaka mingi. Watafiti waliporudi kwao na mashine za kisasa na kuchapisha matokeo mwaka 2018, vipande vya maganda ya mbuni vilionyesha kwamba watu walikuwa wakiishi pale zaidi ya miaka 40,000 iliyopita, na kwamba walikuwa wakitengeneza shanga kwa maganda hayo.

Yai la mbuni linaweza kusema hivyo kwa sababu ya hewa. Miale kutoka anga za juu hugonga hewa yetu na kuzalisha nyutroni. Nyutroni ikikutana na naitrojeni huigeuza kuwa kaboni-14. Kaboni hiyo ni chache mno, kama atomu moja katika kila atomu trilioni moja za kaboni ya kawaida. Huungana na oksijeni, ikawa hewaukaa kama hewaukaa nyingine yoyote. Mmea huivuta na kujijenga nayo. Mbuni anakula mmea, mtu anakula yai. Aliye hai huendelea kupokea, na kiasi ndani yake hulingana na cha hewa ya wakati wake. Akifa, mlango unafungwa, na kilichomo huanza kupungua kwa mwendo usiobadilika. Willard Libby wa Chuo Kikuu cha Chicago alionyesha mwaka 1949 kwamba mwendo huo unaweza kutumika kama saa, na mwaka 1960 akapewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Darasani huishia hapo. Sehemu ambayo vitabu vyetu huiruka ni kwamba saa hiyo ilivurugwa, na walioivuruga ni watu.

Wanasayansi wanaotumia kaboni-14 husema "miaka kadhaa kabla ya sasa". Sasa yao siyo leo. Walikubaliana iwe mwaka 1950, na humo imebaki. Ni tarehe iliyokuja kuwafaa, maana miaka michache baadaye hewa ya dunia nzima ilibadilika. Mabomu ya nyuklia yaliyolipuliwa hewani yalitoa nyutroni kwa wingi, nazo zikafanya kazi ileile ya miale ya angani: ziligonga naitrojeni, zikazalisha kaboni-14. Bomu kubwa la Marekani huko Bikini lilikuwa la Machi 1954. Mwaka 1957 watafiti wa New Zealand, Rafter na Fergusson, walitangaza kwamba kaboni-14 ya hewani kwao inapanda mwaka hadi mwaka. Hakuna bomu lililolipuliwa New Zealand. Hewa ilikuwa imelipeleka.

Tarehe 30 Oktoba 1961 Urusi ya Kisovieti ililipua juu ya Novaya Zemlya, kaskazini kabisa ya dunia, bomu kubwa kuliko yote yaliyowahi kulipuliwa, la megatani takriban 50. Nimewahi kuhesabu siku. Kutoka siku hiyo hadi tarehe 9 Desemba, siku ya Uhuru wetu, ni siku 40. Kwetu mtu akifa, siku ya 40 hufanyiwa arobaini. Tanganyika ilipokuwa inapandisha bendera, hewa iliyopita juu ya bendera ile ilikuwa tayari imeanza kubeba mzigo wa majaribio ya wakubwa. Mwaka uliofuata wakalipua tena na tena. Agosti 1963 Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilitia saini Moscow mkataba wa kukomesha majaribio hewani, baharini na anga za juu. Ufaransa haikusaini, nayo ilikuwa imeanza kulipua mabomu yake katika jangwa la Sahara, huko Reggane, Algeria, Februari 1960, katika bara letu lenyewe. China iliendelea hadi 1980.

Wakati mkataba unasainiwa, kaboni-14 katika hewa ya kaskazini ya dunia ilikuwa inakaribia mara mbili ya kiasi cha kawaida. Kusini ya ikweta ilichelewa kidogo, kwa sababu hewa huchukua muda kuvuka. Kilele chake kilifika karibu mwaka 1965, zaidi ya asilimia 60 juu ya kawaida. Tangu hapo imekuwa ikishuka, kwa sababu bahari na misitu inaimeza. Imeshuka pia kwa sababu nyingine: petroli, dizeli na makaa ya mawe ni mimea na viumbe waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, wasiobakiza kaboni-14 hata chembe, na moshi wake huichuja hewa kama maji yanavyochuja uji.

Mungomi ni mlima wa kupanda taratibu. Baba alikuwa mbele, mikono nyuma, akisimama kila baada ya hatua kadhaa si kwa kuchoka bali kwa kutazama. Tulipofika chini ya mwamba, mwongozaji, kijana wa pale Kolo, alimwamkia, wakaulizana koo, ikaonekana wana undugu wa mbali. Kisha akaanza kueleza kama anavyoeleza wageni: kwamba Mary Leakey alipiga kambi huku mwaka 1951 akinakili michoro kwa miezi kadhaa; kwamba kabla yake waliokuwa wakipita ni watu wa ndorobo.

Watu wa ndorobo siyo kabila. Ni watafiti wa mbung'o. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iliweka Kondoa kituo cha kuchunguza mbung'o na malale. Mmoja wao, T.A.M. Nash, alichapisha mwaka 1929 taarifa kuhusu michoro aliyoikuta karibu na Kondoa Irangi. Mwenzake, Bernard Burtt, alikuwa mtaalamu wa mimea. Kazi yake ilikuwa kujua mbung'o anaishi katika vichaka gani, na ili ajue alikata matawi, akayabana katika karatasi, akaandika mahali na tarehe. Alikufa mwaka 1938 katika ajali ya ndege pamoja na mkuu wake, Swynnerton. Matawi yake hayakufa naye. Mimea aliyoikusanya Tanganyika imehifadhiwa hadi leo, mikavu, katika makusanyo ya Nairobi na ya Kew, London.

Nilipomsikiliza yule kijana nilijikuta napanga wageni wa Kolo kwa kipimo kingine. Nash na Burtt walivuta hewa iliyokuwa bado safi. Mary Leakey, mwaka 1951, aliikuta karibu na mwisho wa usafi wake. Inskeep alipochimba Kisese mwaka 1956 hewa ilikuwa imekwisha kuanza kugeuka, naye alikuwa anafukua maganda ya mbuni waliokula nyasi za hewa ya kale kabisa. Hakuna hata mmoja wao aliyeona tofauti. Haina rangi wala harufu, na kwa kiasi kile haimdhuru mtu kwa namna anayoweza kuihisi. Ila majani yaliyokuwa yanawazunguka yaliona yote, kila jani mwaka wake.

Baba alikuwa amesimama mahali ambapo mwamba una michirizi ya mafuta na weupe uliokauka. Mungomi si makumbusho tu. Warangi wamekuwa wakija hapa kuomba mvua na kutibiwa, na wakija huleta pombe ya uwele na mafuta ya mnyama, wakaunyunyizia mwamba. Wahifadhi wamelalamika kwa miaka kwamba pombe inaharibu michoro. Wazee wamejibu kwamba mwamba ulikuwa wao kabla haujawa wa wahifadhi.

"Hii nayo ungeipima?" baba akaniuliza, akionyesha weupe ule.

Nikamwambia ingepimika vizuri. Uwele ni mmea wa msimu mmoja. Unapandwa mvua zikianza, unavunwa zikiisha, na punje yake ina kaboni ya hewa ya miezi ile tu. Pombe iliyonyunyizwa kabla ya vita vya mabomu na pombe ya baada yake haziwezi kufanana, hata kama aliyepika ni mama mmoja na sufuria ni lile lile. Atakayekwangua mwamba akitafuta umri wa wachoraji atakutana kwanza na wajukuu wao, wakiomba mvua.

Baba akatikisa kichwa. "Basi na mimi mnaweza kunipima."

Alikuwa anatania, ila jambo lenyewe si la utani kwake. Baba hana tarehe ya kuzaliwa. Bibi alikuwa akisema alizaliwa mwaka wa Muungano au uliofuata, wakati wa kuvuna uwele. Kwenye karatasi zake imeandikwa tarehe 1 Julai 1960, kwa sababu karani mmoja alihitaji kuandika kitu na alikuwa na foleni. Tangu hapo baba amekuwa mkubwa kwa miaka minne au mitano kuliko alivyo, na ilimgharimu: alistaafishwa akiwa bado na nguvu za kazi na mtoto mmoja shuleni. Alikwenda kueleza mara tatu. Walimwomba ushahidi.

Ushahidi anao kinywani. Enameli ya jino hujengwa mara moja tu, utotoni, na haibadilishwi tena hadi mtu anazikwa. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba kaboni-14 ya enameli ikilinganishwa na mkunjo wa mabomu hutaja mwaka wa kuzaliwa kwa kukosea karibu mwaka mmoja na nusu tu. Mtoto aliyezaliwa Kolo mwaka 1965 alinyonya maziwa ya mama aliyekula uwele wa miaka ile ya kilele. Katika familia yetu nzima, tangu babu wa babu hadi mjukuu aliyezaliwa mwaka jana, hakuna mwenye meno yaliyobeba kaboni ya mabomu kuliko baba. Nilimweleza hivyo pale pale chini ya mwamba.

"Subiri lianguke lenyewe," akasema, "ndipo uwapelekee."

Tulishuka kwa njia nyingine, kupitia upande wa mlima ulioota msitu. Mgeni akipita hapo atasema ni pori la asili. Baba alisimama na kuzungusha mkono. Hapa, akasema, palikuwa na makorongo matupu. Akiwa kijana alikuwa anaona kutoka kilima hiki hadi kile bila mti wa kuzuia macho.

Vilima vya Kondoa viliwahi kuwa mfano wa ardhi iliyokufa. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, na ardhi haikupona. Mwaka 1979 ikatolewa amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililomomonyoka, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda, makumi ya maelfu, wakahamishwa. Baba alikuwa mvulana wa shule ya msingi. Alitembea siku mbili nyuma ya ng'ombe wa babu kwenda tambarare kwa ndugu. Waliobaki hawakuwa na maziwa. Babu hakurudishiwa ng'ombe wote, na hakusamehe. Lakini nyasi zilirudi, kisha vichaka, kisha miombo.

Hadithi hiyo nayo imo ndani ya miti. Miti ya ukanda wetu haiaminiki sana kwa kuhesabiwa pete. Mwaka mmoja unaweza kuacha pete mbili au usiache hata moja, kadiri mvua zilivyokuja. Ila mti ukichukuliwa chembe ya mbao ya katikati kabisa, kaboni yake itataja mwaka ulipochipua. Mtundu uliochipua mwaka 1980 katikati yake pana hewa iliyo juu kuliko kawaida kwa zaidi ya asilimia 20, na kila unene ulioongezeka nje yake uko chini ya ule wa ndani, ngazi kwa ngazi, hadi gome la mwaka huu. Ndivyo mtu angeweza kuthibitisha, bila kumuuliza babu wala afisa, ni lini mlima uliachwa upumzike.

Sasa nifike kwenye linalonifanya niandike haya, maana mabomu ya hewani yamekwisha na mtu anaweza kuuliza yanatuhusu nini.

Vinu vya nyuklia havilipuki kila siku, ila vinatoa kaboni-14 kila siku. Nyutroni ndani ya kinu hugonga naitrojeni na oksijeni iliyomo katika maji, hewa na nishati yenyewe, na kaboni-14 inayozaliwa hutoka kwa bomba la moshi, sehemu yake ikiwa hewaukaa. Viwanda vinavyosafisha nishati iliyokwisha kutumika hutoa zaidi. Kwa kawaida ni kiasi kidogo, chenye kibali. Swali ni nani anahakikisha kwamba kidogo ni kidogo kweli, na kwamba kilikuwa kidogo miaka 30 iliyopita kabla hajawepo mwenye kupima.

Jibu ambalo watafiti wa Ulaya wamelipata ni la kishamba, kwa maana nzuri ya neno hilo: wamekwenda kuokota majani. Huchukua nyasi, majani na matunda ya porini upande ambao upepo unaelekea kutoka kiwandani, wakachukua na mengine mbali, pasipofikiwa, wakalinganisha. Kilichozidi ni cha kiwanda. Jani hutaja msimu mmoja. Mti hutaja miaka yote aliyosimama. Kule Sellafield, kaskazini magharibi ya Uingereza, ambako Oktoba 1957 kinu cha Windscale kiliwaka moto, pete za miti zimetumika kusoma mwaka kwa mwaka kile kilichotoka kiwandani, ikiwemo miaka ambayo vipimo vya hewa vilikuwa haba. Pete za miti ya karibu na Chernobyl zina alama ya 1986. Za karibu na Fukushima zimesomwa vilevile baada ya 2011. Taarifa ya kiwanda huandikwa na kiwanda. Mti hauna mwajiri.

Afrika ina kituo kimoja cha umeme wa nyuklia, Koeberg, karibu na Cape Town, kilichoanza kufanya kazi mwaka 1984. Lakini majirani zetu wana mipango. Kenya ilikitaja kijiji cha Uyombo, Kilifi, kwenye pwani, na mwaka 2024 wakazi wake waliingia barabarani kupinga. Uganda imetaja Buyende. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wa uwanda wetu wa kati hutoka upande wa mashariki, kutoka baharini. Sisemi kwamba mipango hiyo ni mibaya. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na umeme ukikatika nafundisha gizani. Nasema hewa haina mpaka wa Namanga.

Na sisi wenyewe tuna urani. Imetafutwa Namtumbo, ambako mwaka 2012 sehemu ya Pori la Akiba la Selous ilimegwa kwa ajili ya mgodi wa Mto Mkuju. Imetafutwa pia Manyoni na Bahi, mwendo wa nusu siku kutoka Kolo. Nilipowahi kusema haya kijiweni, mtu mmoja alidhani kaboni-14 ingetuonya juu ya mgodi. Haitatuonya. Hatari ya mgodi wa urani ni vumbi, maji na gesi ya radoni, na hivyo vina vipimo vyake. Kaboni-14 huzaliwa pale urani inapochomwa kinuni, pengine nchi ya mbali, halafu inarudi kwa upepo, haina jina la Bahi tena.

Tanzania haijalala kabisa. Ipo Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Dar es Salaam kuna kituo kimojawapo cha mtandao wa dunia wa kuchunguza majaribio ya nyuklia: hewa huvutwa kupitia kichujio, vumbi likapimwa, matokeo yakaenda Vienna. Ni kazi ya maana. Ila kichujio hukamata vumbi. Kaboni-14 iliyokwisha kuwa hewaukaa hupita, ikaenda zake hadi ikutane na jani.

Kwa hiyo tunahitaji majani, na tunayahitaji kabla. Hilo ndilo jambo lote. Mtu akija mwaka 2045 kulalamika kwamba uwele wa Kondoa umebeba kitu kisicho chake, ataulizwa swali alilouliza karani: ushahidi uko wapi? Ulikuwaje hapo mwanzo? Baba yangu alikosa miaka mitano ya maisha yake kwa kushindwa kujibu swali hilo. Kijiji kizima kinaweza kushindwa vilevile. Burtt, aliyekuwa anafuata mbung'o na hakuwahi kulisikia jina la kaboni-14, alituachia mwanzo mmoja bila kukusudia: tawi kavu lenye mahali na tarehe, la hewa ya kabla ya mabomu. Mwanzo wa pili, wa kabla ya vinu vya majirani, ni huu tulionao sasa. Haudai mashine. Mashine ipo moja Johannesburg, nyingine nyingi ughaibuni, na siku hizi huhitaji miligramu chache tu za kitu. Mashine inaweza kungoja. Jani la mwaka huu haliwezi kuokotwa mwaka ujao.

Tulipokuwa tunakaribia barabara nilimwambia baba turudi nyuma kidogo. Karibu na lami moshi wa malori, usio na kaboni-14, hulifanya jani lionekane la hewa ya zamani kuliko lilivyo. Akaona ni upuuzi, ila akageuka. Tukapanda tena hadi kwenye mtundu mmoja alioutambua, karibu na mahali palipokuwa na zizi la babu. Nilichuma majani matano yaliyokomaa, nikayabana ndani ya gazeti, nikaandika kwa kalamu ya risasi: Kolo, upande wa kaskazini wa Mungomi, mtundu, na tarehe.

"Na jina langu uandike," baba akasema. "Mimi ndiye niliyekuonyesha."

Nikaliandika. Chini yake nikaacha nafasi ya mwaka wa kuzaliwa. Gazeti liko kwenye kabati la maabara yetu shuleni, rafu ya juu, mbali na unyevu. Muhula ulipofunguliwa nilimweleza yule binti kwamba nilimjibu vibaya, nikamwonyesha majani. Aliyatazama, akauliza kama anaruhusiwa kuleta ya kwao Haubi. Sasa yapo mafungu saba.